Maili za Ijumaa

Athmani alizikwa Jumatano baada ya alasiri, na mimi nilichelewa kufika makaburini kwa sababu nilisimama kwanza kufunga milango yote minne ya gari langu, kisha nikaizunguka tena kuhakikisha kwamba imefungika. Nasema hivi tangu mwanzo ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu gani. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kukagua mara mbili, na tabia hiyo ndiyo iliyonifikisha nilipo. Katika mtaa wetu wa Majengo mimi ndiye wa kwanza kuvuka bahari kwenda Uingereza na kurudi na diploma ya ufundi wa magari. Si cheti cha kuhudhuria. Ni diploma yenye muhuri, na imo ndani ya fremu ya mvule sebuleni kwangu, mahali ambapo mgeni akishakaa hawezi kuikwepa. Nina magari matano ya Kimarekani ya zamani, yote yanawaka kwa mzungusho mmoja, na watu hutoka Nairobi kuja kuyapiga picha. Hakuna aliyenirithisha hata msumari. Maneno haya nimeyasema miaka mingi, arusini na barazani, wala hakuna aliyenipinga. Mtu mmoja tu angeweza kunipinga, naye ni Athmani, na Athmani hakufungua mdomo mpaka alipovikwa sanda. Siku ya hitma yake, nyumbani kwao Kuze, niliitwa chumba cha ndani na mama mmoja mzee. Aliyoniambia ndiyo yaliyonikalisha leo niandike habari za mwaka mmoja tu, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja.

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini petroli ilikuwa bado ya kuponi, na tairi jipya lilikuwa likizungumzwa mjini kama watu wanavyozungumza habari za mchumba. Ami Nassor, ndivyo sote tulivyomwita, alikuwa mfanyabiashara wa samli na tende, mtu mrefu wa makamo, mwenye kanzu zilizopigwa pasi mpaka ungedhani zinaweza kusimama bila yeye. Kabla ya vita alinunua gari la Kimarekani la silinda nane, la rangi ya buluu inayoingia kijani, na mji mzima ukaliita Tausi. Vita vilipoanza alilipandisha juu ya magogo ndani ya bohari lake la samli, pale vichochoro vya Kuze vinapokwisha na barabara ya magari inapoanza, akalifunika kwa turubai na kujidai amelisahau. Mwaka ule akatutafuta vijana wawili tuje tulifufue. Mmoja alikuwa mimi, niliyejifunza kazi kwenye karakana ya jeshi wakati wa vita. Mwingine alikuwa Athmani, mtoto wa dada wa Bi Rukia, na Bi Rukia ndiye mke wa Ami Nassor. Mtaona mara moja nilichokiona mimi siku ile ya kwanza. Mimi niliingia kazini kwa mikono yangu, mwenzangu aliingia kwa damu.

Walikuwako mabwana wanne mjini wenye magari kama hayo, na wote wanne waliugua ugonjwa mmoja. Gari halikuwa la kwenda mahali. Lilikuwa la kusuguliwa, la kufunguliwa boneti mbele ya wageni, la kunuswa. Kila Idi pili, jioni mapema, waliyapanga magari yao pembeni mwa uwanja wa Makadara, mbali kidogo na pembea na wauza halua, na hapo walifanya jambo ambalo sijaliona mahali pengine popote, hata Uingereza. Kila bwana alivua kofia yake ya Idi, ile mpya, nyeupe, iliyoshonwa kwa mkono miezi mitatu, akaingiza mkono chini ya injini na kuifuta kwa kofia hiyo hiyo, kisha akaivaa tena mbele za watu. Mwenye doa la grisi kichwani alitembea nalo mpaka nyumbani na akachekwa mpaka Idi nyingine. Hakukuwa na kikombe wala zawadi. Zawadi ilikuwa kupita mjini na kofia safi. Ami Nassor alikuwa amekaa miaka yote ya vita bila kuvua kofia pale Makadara. Asubuhi ya kwanza alitusimamisha mbele ya magogo akatuambia, "Kofia yangu ikitoka nyeupe, mmoja wenu nitampeleka Ulaya akasomee kazi hii. Mmoja tu, wawili siwezi. Nitamtazama mwenye mkono, na mwenye amana." Tangu dakika ile sikuweza tena kumtazama Athmani kama mwenzangu. Nilimtazama kama mtu aliyekalia kiti changu.

Bohari lilinuka samli iliyoingia ukutani, na kukipiga joto la mchana harufu ile ilishuka ikachanganyika na petroli mpaka ukashindwa kujua unapika au unatengeneza. Nyuma ya bohari kulikuwa na mlango mdogo wa kuingilia uani kwa Ami Nassor. Mimi sikuruhusiwa kuupita, na ilikuwa haki yangu kutoruhusiwa, kwani wanawake wa nyumba ile hawakuwa maharimu wangu. Athmani aliupita apendavyo. Saa sita sinia lilitokea hapo, siku moja wali na mchuzi wa papa, siku moja mkate wa mofa na maharagwe ya nazi, nasi tukakaa kwenye mkeka kati ya gari na ukuta tukala sahani moja. Athmani alikuwa na desturi ya kunisogezea vipande vizuri. "Kula, yakhe, weye unainua mizigo," alisema. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilijiuliza amekula nini huko uani kabla ya kuniletea hivi anavyonisogezea. Nikamwangalia midomo yake, kama inang'aa mafuta.

Kazi, hata hivyo, niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Mimi nilichukua mwili wa gari, yeye akachukua injini, ingawa mara nyingi nilirudia kukaza alichokaza. Nikeli ya taa niliisugua kwa chaki ya unga na kitambaa cha leso kuukuu mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Madirisha ya Tausi yalikuwa na mapazia ya hariri ya kijani, ya nyuma na ya mbele, kwa ajili ya wakati ule Ami Nassor alipokuwa akiwapeleka wanawake wake arusini. Niliyatoa, nikayapitisha mlango wa uani yafuliwe, yakarudi yamepigwa pasi na kutiwa udi. Katikati ya Rajabu tukamshusha Tausi kwenye magogo. Injini iliwaka ikanguruma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma peke yake, na Ami Nassor akaenda kusimama pembeni, akatugeuzia mgongo, akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. Alimwendesha mara moja kuzunguka mtaa, akamrudisha, akafunga mlango mkubwa wa bohari na kuufunga ufunguo wa gari kwenye mkanda wake. Ulikuwa ufunguo mmoja tu. Akasema Tausi hatatoka tena mpaka Idi, kwa sababu kuponi alizonazo ni za siku hiyo.

Sasa kwenye dashibodi ya gari lile kulikuwa na kidirisha kidogo, si kikubwa kuliko ukucha wa dole gumba, ambamo tarakimu zilihesabu maili. Alhamisi moja, nikipangusa kioo chake, nilizisoma zile tarakimu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa namna hiyo nikaziandika kwa chaki nyuma ya ubao wa mlango, mahali ambapo hapaonekani ila mlango ukiwa wazi. Jumamosi nilizisoma tena. Zilikuwa zimeongezeka tatu. Nikadhani nimekosea. Alhamisi iliyofuata nikazisoma mara mbili, nikaandika, na Jumamosi zikawa zimeongezeka tatu tena. Katikati ya Alhamisi na Jumamosi iko siku moja, na Ijumaa hatukufanya kazi. Nikachunguza zaidi. Ijumaa asubuhi nilipita kuchukua spana niliyoiacha makusudi, tarakimu ni zile zile. Ijumaa alasiri nikapita kuirudisha, maili nne zaidi, na boneti bado ina joto. Kwa hiyo Tausi alitoka saa ya swala, wakati kila mwanamume wa mji huu yumo msikitini na vichochoro vimebaki na paka. Na mwanamume mmoja hakuwa msikitini pamoja nasi. Athmani alisema yeye Ijumaa husali msikiti mwingine, karibu na kwao. Nikamuuliza mtu anayesali huko kama humwona. Akanijibu kwamba hatazami nyuso za watu wanaposali, jibu ambalo mtu hulitoa anapojua.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimefungwa mikono, tena kwa heshima. Kila Ijumaa saa sita Ami Nassor alikuja kunichukua twende pamoja msikitini, na baada ya swala alinishika mkono, mbele ya watu, akanipeleka kwa muuza kahawa. Tulikaa hapo mpaka saa nane. Aliniuliza habari za karakana ya jeshi, za kabureta, za mama yangu, akasikiliza kila jibu mpaka mwisho, kisha akaita kikombe kingine. Ramadhani ilipoingia tukahamia baraza la msikiti, bila kahawa, mpaka saa ile ile. Watu wa Kuze walipita wakaniona, kijana wa Majengo, goti kwa goti na Ami Nassor. Sitaficha kwamba nilivimba. Nilijiambia, kiti changu hiki hapa, nimeshakikalia. Na wakati ule ule, chini ya furaha, nilikuwa nikiona kwa jicho la ndani magurudumu yakizunguka.

Niliwaza mambo matatu. La kwanza, kwamba anamkodisha kwa watu wa arusi. La pili, kwamba anakwenda kunyonya petroli mahali na kuiuza, ingawa nilipopima tangi kwa kijiti sikukuta pengo kubwa, nikasema basi anajaza mafuta ya taa. La tatu, na hili ndilo lililoniuma, kwamba Bi Rukia ndiye anayempa nafasi, ili mtoto wa dada yake azoee kuendesha gari kubwa na mimi nibaki msugua taa. Jumamosi moja nilikuwa chini ya gari nao hawajui kwamba nimeshafika. Nikasikia sauti ya Bi Rukia nyuma ya mlango wa uani: "Huu wa kushoto si niuachie mara moja?" Athmani akasema, "La, mama. Polepole, kama unavyofunua chungu cha wali." Bi Rukia akacheka, kicheko cha msichana, akasema, "Jana nusura nikuvunje shingo, weye!" Nikagonga spana kwenye chuma. Wote wawili wakanyamaza. Nilishika kunyamaza kwao. Maneno yenyewe niliyaacha yapite.

Nilimjaribu mara moja tu uso kwa uso. Ilikuwa Ramadhani, tumekaa tunangoja adhana ya magharibi, mbele yetu tende na uji wa pilipili manga. Nikamwambia, "Athmani, weye unafikiri gari likikaa bila kutembea linaharibika?" Akasema, "Kila kitu kikikaa huharibika." "Kwa hiyo mtu akilitoa kidogo analisaidia." Akanitazama. Alikuwa na macho mapole, ya mtu anayekubali kupunjwa, na macho ya namna hiyo siyaamini mpaka leo. "Khamisi," akasema, "kama kuna kitu unataka kukijua, mwulize Ami. Mimi usiniulize." Nikasema, "Sina ninachotaka kukijua." Adhana ikatoka. Akanisogezea tende laini, yeye akachukua kavu. Nami nikaenda nyuma ya mlango kuandika tarakimu ya wiki ile.

Mwezi wa Idi ukaandama. Idi pili tukamtoa Tausi kwenda Makadara, Ami Nassor akiendesha, mimi na Athmani nyuma katikati ya mapazia, kila mmoja na kanzu yake. Pembea zilikuwa zikilia, watoto wamejaa na nguo mpya zinazowasha shingoni, na yale magari mengine matatu yalikuwa yameshapangwa, boneti juu. Bwana Gulamali, muuza nguo wa Kihindi, mtu wa mzaha mwingi, alitangulia kufuta injini yake na kofia ikatoka na alama nyeusi kama jani la mpera. Akaivaa vivyo hivyo, akainama kwa watu kama mcheza sarakasi. Wa pili na wa tatu wakapata madoa madogo. Kisha Ami Nassor akavua kofia yake. Bi Rukia ndiye aliyeishona, na kazi yake ilikuwa ndogo na ya karibu mno hata usingeweza kuona nafasi kati ya tundu na tundu. Akaingiza mkono chini ya injini mpaka kwapani, akafuta, akautoa. Nyeupe. Akaigeuza ndani nje. Nyeupe. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga hesabu ya bahari.

Hapo ndipo Bwana Gulamali alipoanza. "Nassorbhai, hongera, hongera! Lakini n'ambie kitu kimoja. Siku hizi Ijumaa unasali wapi?" Ami Nassor akacheka. "Mbona wauliza?" "Maana karani wangu Mgoa, Mkristo yule, yeye Ijumaa hana haraka ya kwenda popote, amemwona Tausi mara mbili njia ya mnara wa taa. Adhana ya pili imeshatoka! Mapazia yamefungwa mpaka mbele. Nikasema labda Nassorbhai kajenga msikiti huko majabalini, anasalisha kaa." Watu wakaangua kicheko. Ami Nassor akasema, "Mnunulie karani wako miwani, umepata faida ya kutosha vitani." Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Gulamali, na mtu wa tatu akaanza kuuliza habari za grisi. Mambo yangekwisha hapo. Ningenyamaza tu yangekwisha hapo.

Lakini mimi nilikuwa nimesikia swala ya bwana wangu ikifanyiwa mzaha, na tena nilikuwa na chaki yangu ya wiki tisa moyoni. Nikasonga mbele, nikasema kwa sauti, "Bwana Gulamali, Ami Nassor Ijumaa zote amesali safu ya pili, na mimi nyuma yake. Gari limetoka, ni kweli. Limetolewa na mtu mwingine, na hesabu ninayo. Ijumaa ya kwanza maili tatu. Ya pili tatu. Ya tatu nne. Ya nne..." "Yatosha, Khamisi," alisema Ami Nassor. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikadhani ni hasira juu ya mwizi, nikaona niimalizie: "Asiyesali nasi Ijumaa anajulikana." Bwana Gulamali akainua mikono. "Arre, nilikuwa nafanya mzaha tu." Mzee mmoja miongoni mwa mabwana wale akasema, "Petroli siku hizi si mzaha. Ni nani?" Na kwa kuwa wote walikuwa wakifuata macho yangu, wote wakamtazama Athmani, aliyekuwa amesimama kando ya taa ya mbele na kitambaa mkononi.

Athmani alimtazama Ami Nassor. Ami Nassor alimtazama Athmani. Nimekumbuka kutazamana kule kwa miaka hamsini, na jambo moja halikuwahi kukaa sawa kichwani mwangu: aliyeshusha macho kwanza hakuwa Athmani. "Ni miye," alisema Athmani. "Nimelitoa miye. Peke yangu." Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama alikuwa na mwenzake. Ami Nassor akasema, "Kesho usije bohari." Ufunguo wa Tausi ulikuwa ukining'inia kwenye mkanda wake alipokuwa akiyasema hayo, ule ufunguo mmoja tu. Niliuona. Nikajiambia, huyu kijana hatari, kumbe amechonga wa pili. Ami Nassor akaikunja ile kofia nyeupe mara mbili, akaitia mfukoni, akarudi nyumbani kichwa wazi, siku ya Idi, katikati ya mji.

Kabla mwezi wa mfunguo tatu haujaandama, miezi miwili tu baada ya Idi, nilikuwa melini. Sikuuliza kwa nini haraka namna ile. Ni nani aliyechaguliwa akauliza kwa nini amechaguliwa? Uingereza nilisoma kuliko wenzangu wote, mikono ikipasuka kwa baridi, nikala viazi visivyo na chumvi, nikashika nafasi ya tatu darasani, na walionitangulia walikuwa wamezaliwa ndani ya karakana za baba zao. Yale hakunipa mtu. Nikarudi, nikafungua karakana, nikaajiri, nikajenga. Na Athmani? Alikuwa ameposa, na posa yake ikarudishwa wiki ile ile ya Idi. Akabeba magunia bandarini miaka kadhaa, kisha akafungua kibanda Majengo, mtaa wangu wa zamani, akitengeneza teksi. Watu walimwita Athmani Petroli, na vijana waliomwita hivyo baadaye hawakujua hata jina limetoka wapi. Tulipokutana njiani alinitangulia kwa salamu. "Sabalkheri, fundi mkuu," bila kejeli hata kidogo, na mimi nikaitafuta kejeli yenyewe mpaka usiku kitandani. Mara moja gari langu lilizimika karibu na Buxton naye akawa anapita. Akafungua boneti, akatia mkono, nikasikia mgeuzo mmoja, gari likawaka. Hakungoja asante. Nilipofika nyumbani nililivua gari lile karibu lote nikitafuta alichoniharibia. Nilichokuta ni kwamba alikaza nati moja ambayo mimi mwenyewe niliiacha imelegea.

Kwa hiyo nilipoitwa ndani siku ya hitma, niliingia nikiwa na ulinzi wangu. Bi Rukia alikuwa amekaa juu ya kitanda cha samadari, mdogo kama mtoto, leso begani, na sahani ya halua aliyoiacha bila kuigusa. "Masalkheri, Bi Rukia. Mungu amrehemu marehemu." "Amina. Kaa, Khamisi. Bado una mato yale yale, naona umeshaikagua dari." Nikakaa. Akasema, "Nilimwahidi Athmani kwamba sitasema akiwa hai. Yeye ndiye aliyetaka hivyo. Sasa nimefunguliwa ahadi yangu. Yule aliyekuwa akiendesha ni miye."

Alisema bila haraka. Mume wake alimuuliza Rajabu ile anataka nini kwa Idi, pete au leso za Bombay. Akamwambia anataka kushika ule usukani, mara moja tu. "Akanuna siku mbili. Siku ya tatu, Ijumaa asubuhi, akanitupia ufunguo mapajani, akasema, utakwenda na Athmani, saa ya swala, na mapazia. Mara moja ikawa mbili. Weye unajua kuachia klachi ilivyo tamu ikishakubali?" Nikauliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, "Ami Nassor alijua?" Bi Rukia akanishangaa. "Kwani ni nani aliyekuwa akikushika mkono mpaka saa nane? Alisema ile kahawa itampasua moyo, na stori zako za kabureta ndizo zitakazommaliza kabisa."

Nami hata hapo, Mungu anisamehe, nilimshuku. Nilisema moyoni, mama huyu anamsafisha mtoto wa dada yake siku ya hitma, na wote wa kumkanusha wamekufa. Nikamuuliza kama ninavyowauliza vijana wanaotaka kazi kwangu. "Bi Rukia, gia ya kurudi nyuma ya Tausi iko wapi?" Hakujibu kwa mdomo. Chini ya leso niliona mguu wake wa kushoto ukikandamiza mkeka, mpaka mwisho, kisha mkono wa kushoto ukashika hewa kando ya goti, ukaenda kushoto, ukaenda mbele. Kisha mguu ukapanda polepole. Hakuna mtu anayeweza kuuigiza mguu ule.

"Safari ya Ulaya," nikasema. "Ilikuwa ya Athmani," akasema. "Tangu Rajabu. Lakini ulivyokwisha kusema mbele ya watu, mume wangu angempelekaje? Ama atangaze Makadara kwamba mkewe anaendesha gari, ama amwache mtoto aitwe mwizi. Na kuhusu weye akasema, huyu ana mato makali mno, tumpeleke mahali penye vingi vya kutazama." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Usiku ule Athmani alikuja uani akaniambia, mama, usilie, Khamisi hana mtu mwingine wa kumpeleka." Diploma yangu ni ya haki, mitihani niliifanya mimi, na nitalisema hilo mpaka nami nivikwe sanda. Lakini sasa najua kwamba nilipandishwa meli kama unavyotoa nyigu chumbani, kwa upole, kwa kitambaa, dirisha likiwa wazi.

Nikamwambia Tausi yupo. Nilimnunua kwa warithi wa Ami Nassor, ni mmoja katika yale matano, nimekuja naye, nimemwacha mwisho wa kichochoro, injini yake bado haina doa. "Nikuchukue, Bi Rukia. Hata sasa hivi." Akatazama magoti yake, akayapiga kofi moja kama mtu anayefukuza mbuzi wavivu. "Kwa haya? Ondoka hapa. Sikushika tena usukani tangu Idi ile, wala sikuutaja." Akalikunja pindo la leso, akalikunjua. "Lakini kuna kitu nimetaka kukijua siku zote, na pale Makadara nasikia walikukata maneno. Ile hesabu yako. Unayo bado?"

Ninayo. Nilisahau majina ya walimu wangu wa Uingereza, ile sijaisahau. Nikaisoma Ijumaa kwa Ijumaa, kama nilivyotaka kuisoma siku ile, naye akafunga macho akiitikia kila moja kwa kichwa: tatu, tatu, nne, tatu, nne, tatu, nne, tatu, nne. "Jumla yake?" akauliza. Nikamwambia, "Maili thelathini na moja."

"Thelathini na moja tu?" alisema Bi Rukia. "Nami miaka yote hii najua nimefika Malindi."